Waya Mkononi mwa Lemomo

Jumatatu tarehe 3 Machi 1975, saa tatu na nusu asubuhi, Filomena Stefano alitia saini katika daftari la vifaa la chumba cha gazeti mjini Kilosa: kinasa sauti kimoja kidogo cha kaseti, maikrofoni moja yenye waya, mfuko mmoja wa ngozi, betri nne, kaseti tatu. Saini yake iko mstari wa kumi na tisa, kwa wino wa bluu. Chini yake iko ya Onesphory, mkuu wa chumba kile, aliyemkabidhi.

Filomena hakukitaka. Alikuwa ameomba kile cha zamani, cha magurudumu mawili ya kanda, chenye uzito wa mbuzi.

"Kile kimechoka," Onesphory alisema. "Na wewe utachoka kukibeba. Hiki unakitia kwapani unapanda basi."

"Watu hawajazoea kitu cha kutia kwapani, Ndugu Onesphory."

"Watakizoea. Nimekaa nacho wiki nzima nyumbani, hakina matata. Ukimaliza mazungumzo, chomoa waya wako kama ulivyozoea."

Maneno hayo ya mwisho yalimpita. Siku tisa baadaye aliyakumbuka moja baada ya jingine, mpaka namna Onesphory alivyofunga droo huku akiyatamka.

Filomena alizaliwa Mamboya mwaka 1947, mlimani, karibu na misheni ya zamani, ambako baba yake Stefano alikuwa mwalimu wa dini na fundi wa kuezeka. Alijifunza kupiga taipu Morogoro, akaajiriwa Kilosa mwaka 1968 kunakili kanda za watu wengine. Miaka minne alikaa na hedifoni kichwani akigeuza sauti kuwa karatasi. Kazi hiyo ilimfunza kitu ambacho chuo hakikumfunza: mtu anapojibu swali kabla halijaisha, jibu alikuwa nalo tangu nyumbani, na mtu anayekohoa katikati ya jina, jina hilo ni la kuangaliwa mara mbili. Mwaka 1972 walimpa daftari na nauli, akawa mwandishi. Walikuwa wawili tu, yeye na Kasian, ambaye aliandika habari za mpira na mavuno na hakuulizwa maswali mengi.

Katika miaka ile ya kuhamia vijijini, Filomena alichagua chombo chake kwa kumtazama mtu. Mamboya alikwenda na daftari, kwa sababu watu wa kwao walipenda kuandikwa, na wengine walisimama nyuma yake kukagua kama jina la babu limeandikwa sawa. Uwandani daftari lilifunga midomo. Wakulima wa huko walikwisha kuandikwa sana: kodi, pamba, kaya, mwisho nyumba za kuvunjwa. Wakiona penseli walianza kujibu kifupi, na wengine walitoa majina ya watu waliokwisha kufa. Kwa hao alibeba mashine kubwa. Magurudumu yake yalionekana yakizunguka na yalionekana yakisimama. Mtu alijua lini anasikilizwa.

Hata hivyo haikutosha. Mwaka huohuo wa 1972, pale Kidete, mwanamke mmoja muuza ndizi wa stesheni aitwaye Sikuzani alimkazia macho na kumwuliza, "Umesema umefunga. Mimi nitajuaje? Mashine ni yako."

Filomena alifikiri kidogo. Kisha alichomoa waya wa maikrofoni, akauzungusha, akamkabidhi Sikuzani wote, kichwa na mkia. "Bila hiki haisikii. Kaa nacho mpaka niondoke."

Sikuzani akaukalia. Akazungumza saa nzima.

Tangu siku hiyo ikawa desturi yake, na habari zikatembea na reli. Kuanzia Kidete mpaka Munisagara walimwita dada wa waya. Akimaliza maswali ya gazeti, mzee wa nyumba hunyoosha mkono, waya unakabidhiwa, ndipo wanazungumza kama watu. Mambo ya wakati huo hakuyaandika kamwe. Yalimsaidia kujua aulize nini safari nyingine.

Jumanne tarehe 11 Machi alipanda basi la Mikumi na mashine ndogo kwapani. Alishuka njiani, kwenye kijiji kipya ambako familia kadhaa za wafugaji zilikuwa zimeagizwa zihamie na ng'ombe wao. Kamati ya uhamisho ilikwisha kupita kuhesabu. Ilitangaza kwamba ng'ombe yeyote atakayekutwa nje ya hesabu atachukuliwa, na atakayemficha atashtakiwa pamoja na mwenye mali. Onesphory alitaka sauti ya mfugaji mmoja aseme mwenyewe kwamba amehamia na mifugo yake yote.

Mfugaji huyo alikuwa Lemomo, mtu mrefu wa miaka sitini hivi, mwenye jicho moja lililofifia. Alimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba mpya, pamoja na Sipora, mke wake mdogo, aliyekuwa akisugua kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye wa waya?"

"Ndiyo mimi."

"Wa wapi?"

"Mamboya."

"Baba yako ana ng'ombe wangapi?"

"Hana. Ana kuku."

Lemomo alimgeukia mkewe. "Mpe maziwa, maskini. Wamemlea kwa mayai."

Alicheka peke yake. Sipora alikuwa anaangalia mfuko wa ngozi. "Mashine wanayoisema watu ni kubwa," alisema. "Hii ni nini?"

"Ni ileile, imepunguzwa."

"Kitu kikipunguzwa, kinachopungua ni nini?"

Filomena aliuweka mfuko chini. Aliufungua, akawaonyesha kaseti, akawaonyesha vigurudumu viwili chini ya kioo. Kwenye shingo ya maikrofoni kulikuwa na swichi ndogo. Akiisukuma juu, vigurudumu vinazunguka, akiishusha, vinasimama. Lemomo aliijaribu mara tatu kwa kidole chake mwenyewe na kuridhika.

Mazungumzo ya gazeti yalichukua dakika kumi na nne. Lemomo alisema kijiji ni kizuri, maji yako karibu, ng'ombe wake wote thelathini na wawili amehamia nao. Alijibu maswali kabla hayajaisha. Filomena alishusha swichi, vigurudumu vikasimama, wote watatu wakaviona vimesimama. Akachomoa waya, akauzungusha, akamkabidhi mzee. Kisha akafunika mashine kwa kifuniko chake cha ngozi na kuiweka chini.

"Sasa tunaongea tu," alisema.

Lemomo aliupima waya kiganjani. "Thelathini na wawili ni wa kamati," alisema. "Wangu ni zaidi. Arobaini wako Munisagara, nyuma ya stesheni, kwa rafiki yangu Mathayo. Mkulima, lakini ana moyo. Wanalala kwenye shamba lake la mahindi la mwaka jana. Hapa ningewaleta wale nini, bati?"

Walizungumza hivyo, juu ya majani, juu ya kupe, juu ya Mathayo aliyewahi kuokolewa na Lemomo kwenye mafuriko ya mto Mkondoa. Mara moja Sipora aliacha kusugua kibuyu na kuinamisha kichwa upande wa mfuko.

"Mume wangu, kile kitu kinapumua."

"Ni nzi," Lemomo alisema.

Honi ya basi ilisikika barabarani. Filomena alipokea waya wake, akabeba mfuko bila kuufungua, akakimbia. Saa kumi na moja jioni aliirudisha mashine kwenye kabati la chumba cha gazeti, kama sheria ya Onesphory ilivyotaka. Ufunguo wa kabati ulikuwa mmoja, na aliuweka Onesphory.

Jumatano asubuhi Onesphory alifungua kabati, akampa mashine, akarudi mezani kwake. Filomena aliweka karatasi kwenye taipu na kuvaa hedifoni. Kanda ilikuwa mwanzo kabisa. Jambo hilo lilimgusa kidogo. Yeye hakuwahi kurudisha kanda mwanzo mara baada ya mahojiano. Huiacha palepale ilipoishia, asije akarekodi juu ya maneno ya mtu. Akadhani haraka ya basi imemvuruga.

Alinakili dakika kumi na nne. Ukasikika mlio mfupi wa swichi. Alipeleka kidole kwenye kitufe cha kusimamisha, na kabla hajakifikia akasikia ngozi ikisuguana, kisha sauti yake mwenyewe, ya mbali, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Sasa tunaongea tu."

Kisha Lemomo. Thelathini na wawili ni wa kamati.

Hakugeuka. Aliendelea kupiga taipu herufi yoyote, ili chumba kisinyamaze. Kwenye karatasi yake ya siku ile upo mstari mmoja na nusu usio na maana. Sauti ya mzee ilitaja arobaini, ikataja Munisagara, ikataja nyuma ya stesheni, ikataja jina la Mathayo, ikaendelea dakika kumi na sita mpaka upande wa kaseti ukaisha.

"Leo vidole vina kasi," Onesphory alisema nyuma yake.

"Mzee anasema haraka."

"Nataka kaseti na karatasi Ijumaa saa tatu. Zinapanda treni ya Morogoro."

"Zitakuwa tayari."

Onesphory alikuwa karani wa simu za reli kabla ya gazeti. Miaka kumi na moja alipokea maneno kwa masikio. Kila kanda aliisikiliza yeye kwanza, na baada yake mtu wa kamati aliyekuwa na nafasi.

Adhuhuri, chumba kilipobaki kitupu, Filomena aliweka kaseti nyingine na kufanya jaribio. Alisukuma swichi juu, vigurudumu vikazunguka. Aliishusha, vikasimama. Alichomoa waya. Vigurudumu vikaanza tena kuzunguka, polepole, kwa mlio mwembamba kama wa nzi kwenye chupa. Swichi ilikuwa imeondoka pamoja na waya, na mashine ikabaki haina wa kuizuia. Pembeni mwa kioo kulikuwa na tundu dogo lenye wavu, ambalo yeye alilidhania la kupitisha hewa. Alinong'ona jina lake karibu na tundu lile, akarudisha kanda, akajisikia akilitaja.

Mashine ya zamani ilikuwa kiziwi bila waya. Hii ilikuwa na sikio lake yenyewe, na desturi ya Filomena ndiyo iliyolifungua. Laiti angekuwa mwandishi wa kawaida, asiyejali, angebonyeza kitufe na kuondoka, na Lemomo angekuwa salama.

Ndipo akayakumbuka maneno ya Onesphory. Ukimaliza mazungumzo, chomoa waya wako kama ulivyozoea. Wiki nzima amekaa nayo nyumbani. Inawezekana hakuujaribu waya hata mara moja. Inawezekana pia aliujaribu siku ya kwanza. Na kanda iliyolala mwanzo kabatini?

Kufuta ilikuwa rahisi. Lakini dakika kumi na sita za kimya zingemwambia Onesphory kwamba kuna kilichofutwa, kama taa iliyoachwa inawaka. Na kama angejaza maneno mengine bila kumwambia Lemomo, mzee angeendelea kulala kwa amani huku ng'ombe wake wakijulikana na mtu wa pili, ikiwa mtu wa pili yupo. Alhamisi alfajiri alipanda basi la Mikumi bila ruhusa, akiwa ameitia mashine kwenye kikapu cha viazi. Jumatano ile hakuirudisha kabatini. Alimwambia Onesphory anaibeba nyumbani amalizie kunakili, na Onesphory akajibu, "Haya."

Alimkuta Lemomo palepale kwenye kigoda. Alisalimia, akaitikiwa. Hakukaa.

"Baba, nimekuja kukusikilizisha kitu. Ukishakisikia, unaweza kunifukuza."

Aliweka mashine wazi mbele yao, bila kifuniko, akabonyeza. Lemomo alijisikiliza mpaka mwisho. Lilipotajwa jina la Mathayo, mkono wake uliinuka kidogo juu ya goti, kama wa mtu anayetaka kumziba mwenzake mdomo.

"Nilisema kinapumua," Sipora alisema. "Nikaambiwa nzi."

"Nyamaza kwanza," Lemomo alisema. Alimtazama Filomena kwa lile jicho zima. "Ulijua?"

"Sikujua. Nimejua jana."

"Kila mwenye kosa amejua jana."

"Ndiyo, baba."

"Nani mwingine amesikia?"

Swali hilo alilitarajia njia nzima, na njia nzima alikuwa na jibu jepesi: hakuna. Angelisema, mzee angepumua, naye angesamehewa siku ileile.

"Sijui," alisema. "Usiku wa Jumanne mashine ililala kabatini kwa mkubwa wangu, na ufunguo anao yeye. Asubuhi nilikuta kanda imerudishwa mwanzo, na mimi sirudishi. Naweza kuwa nimekosea. Lakini sijui."

Lemomo aligeukia zizi. Alimwita kijana wake mkubwa aliyekuwa zizini, akasema naye kwa lugha yao, maneno machache. Kijana alichukua fimbo na shuka, akaondoka kwa miguu kuelekea kaskazini, hakupita barabarani.

"Sasa hayo ya kwenye kanda," mzee alisema. "Yanatokaje?"

"Unazungumza juu yake. Maneno mapya yanakula ya zamani. Dakika kumi na sita."

"Nizungumze nini dakika kumi na sita? Mimi si mwanasiasa."

"Wataje ng'ombe wako wa hapa," Sipora alisema. "Ukianza hukatiki."

Filomena aliitafuta ile sehemu ya mlio wa swichi, akasimamisha hapo, akampa mzee maikrofoni na waya wake, akabonyeza kurekodi. Sipora aliikumbatia mashine mapajani, uso wake juu ya kioo, asikubali vigurudumu vimpotee. Lemomo aliwataja thelathini na wawili: yule mwekundu mwenye baka jeupe begani, aliyezaa pacha na kumkataa mmoja, yule wa kijivu aliyekatika pembe siku ya kuhama, mtamba asiyekunywa maji yaliyokanyagwa. Alipofika wa kumi na tisa mvua ya masika ilianza kupiga ngozi zilizotandazwa juu ya paa, akapandisha sauti na kuendelea. Ng'ombe walikwisha kanda ikiwa imebakiza dakika moja. Hiyo aliijaza kwa kukohoa.

Alipomaliza alimrudishia Filomena waya kwa kuusukuma na ncha ya fimbo.

"Usinipe tena," alisema.

Ijumaa saa tatu Filomena aliweka kaseti na karatasi mezani. Onesphory alisikiliza yote, mikono kwenye tumbo. Ilipofika mvua, alivua hedifoni sikio moja.

"Kwenye karatasi umeandika Jumanne."

"Nilianza Jumanne."

"Jumanne haikunyesha. Nguo zangu zilikuwa nje kutwa."

"Nilimaliza Alhamisi."

"Ruhusa ya Alhamisi alikupa nani?"

"Hakuna."

Onesphory alichukua kalamu, akaiweka chini. "Kabla ya mvua hapa palikuwa na nini, Ndugu Filomena?"

"Usiku wa Jumanne nani aliirudisha kanda mwanzo, Ndugu Onesphory?"

Nje, behewa lilikuwa linagongwa kwenye stesheni, mara mbili, mara tatu. Onesphory alifunga kaseti kwenye bahasha ya Morogoro na kuandika kitu kirefu kwenye daftari, akilikinga kwa kiwiko.

Jumatano iliyofuata, tarehe 19 Machi, watu wanne wa kamati walishuka Munisagara kwa treni ya asubuhi. Kwenye kanda iliyokwenda Morogoro Munisagara haikutajwa. Mathayo hakutajwa. Mtu wa stesheni, ambaye Filomena alimfahamu tangu enzi za mashine kubwa, alimsimulia baadaye kwamba wageni wale hawakuuliza njia. Walizunguka jengo, wakaenda moja kwa moja kwenye shamba la mahindi la mwaka jana. Walikuta mabua yaliyolaliwa na samadi iliyokauka juu, mbichi ndani. Mathayo alikuwa anapalilia upande wa pili.

"Ng'ombe wako wapi?" walimwuliza.

"Mimi nina jembe," Mathayo alisema. "Mnataka kulihesabu?"

Ng'ombe walikuwa wamevuka Mkondoa Jumamosi usiku. Hawakupatikana. Filomena aliisikiliza habari hiyo akiwa amesimama jukwaani stesheni, akamshukuru yule mtu, akarudi kazini kwa miguu. Hakuhitaji tena jibu la Onesphory. Alifika, akamsalimu, akaketi.

Barua yake ilitoka Jumatatu tarehe 24. Inasema kwamba kwa kusafiri bila ruhusa na kuharibu mpangilio wa kanda, anarudishwa kwenye kazi ya kunakili, kwa mshahara uleule. Kabla ya kuirudisha mashine ndogo, alibandika ndani ya kifuniko cha ngozi kipande cha karatasi alichokipiga taipu kwa herufi kubwa: UKICHOMOA WAYA INAENDELEA KUSIKIA. BONYEZA KITUFE CHA KUSIMAMISHA KWANZA, NA WAONYESHE WATU UKIBONYEZA. Onesphory aliisoma, hakuibandua.

Mashine amepewa Kasian. Ataanza nayo Kidete, Jumanne tarehe 1 Aprili, kwa Sikuzani.